Nani Wapo? Fumbo, Dola na Mgogoro wa Tafsiri katika Wimbo "Wapo" wa Nay wa Mitego, Machi 2017

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna maana ya kisiasa ya wimbo "Wapo" wa msanii Nay wa Mitego ilivyogombaniwa mwezi Machi 2017. Katika muda usiozidi siku mbili msanii alikamatwa, wimbo ukafungiwa na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), kisha hatua zote mbili zikatenguliwa kwa maelekezo ya Rais. Hoja kuu ni kwamba wimbo huu ulipata nguvu yake katika fumbo la kisarufi, yaani kiambishi cha watu wasiotajwa majina, na kwamba uwazi huohuo ndio uliowapa wenye mamlaka nafasi ya kuufanya wao. Insha inahitimisha kwamba kuachiwa kwa msanii hakukuwa ushindi wa uhuru wa kujieleza kama ilivyosemwa wakati ule, bali kulikuwa kuhamishwa kwa haki ya kufasiri kutoka kwa hadhira kwenda Ikulu.

1.0 Utangulizi

Watafiti wengi wa muziki wa Tanzania wanapouliza maana ya kisiasa ya wimbo huanza na maneno ya mtunzi: alikusudia nini, alimlenga nani. Swali hilo ni halali, lakini kwa mwanahistoria halitoshi. Mtunzi wa Kiswahili amerithi utamaduni wa kusema bila kutaja, na mara nyingi kusudi lake limefichwa kwa makini kiasi kwamba hata yeye mwenyewe anaweza kulikana bila kusema uongo. Kinachoweza kuchunguzwa kwa ushahidi ni namna wimbo ulivyopokelewa: nani aliufasiri, kwa mamlaka gani, na tafsiri yake ilileta matokeo gani.

Mkabala huu unaungwa mkono na nadharia ya upokezi iliyoasisiwa na Hans Robert Jauss mwishoni mwa miaka ya 1960, inayoiona maana ya kazi ya fasihi kuwa zao la kukutana kwa matini na matarajio ya msomaji wa wakati fulani. Mwaka 1973 Stuart Hall aliongeza jambo muhimu kwa mada yetu. Alionyesha kwamba mpokeaji wa ujumbe wa vyombo vya habari anaweza kuukubali jinsi ulivyosimbwa, kuujadili kwa kukubali sehemu na kukataa sehemu, au kuupinga. Hall aliwawazia wananchi wakipokea ujumbe wa wenye nguvu. Katika tukio linalochunguzwa hapa nafasi hizo zimegeuka, kwa kuwa ujumbe unatoka kwa msanii na mpokeaji ni dola.

Kwa sababu hiyo insha inaweka wimbo ndani ya kalenda ya siku zake. Inatumia matini ya wimbo kwa muhtasari na taarifa za serikali zilizotangazwa hadharani.

2.0 Usuli: Kutoka Redio Moja hadi Mikocheni

Kwa karibu miongo mitatu, kufasiri wimbo kisiasa nchini Tanzania ilikuwa kazi ya ofisi moja. Tangu mwaka 1965 utangazaji uliwekwa chini ya serikali kwa kuundwa Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD). Bendi nyingi kubwa za muziki wa dansi zilimilikiwa na taasisi za umma: jumuiya ya wafanyakazi, polisi, jeshi, umoja wa vijana wa chama. RTD ilikuwa kituo cha matangazo na pia studio muhimu ya kurekodia, na mashairi ya nyimbo yalipitiwa kabla ya kurekodiwa. Hivyo tafsiri ya dola ilitangulia wimbo wenyewe. Wimbo uliofika masikioni mwa wananchi kwa njia ya redio ulikuwa umekwisha kusomwa na kukubaliwa.

Dola haikusoma maneno peke yake. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku katika kumbi za Dar es Salaam, katika kipindi ambacho Umoja wa Vijana wa TANU uliendesha kampeni dhidi ya mavazi na mitindo iliyohesabiwa kuwa ya kigeni. Mdundo, suruali na namna ya kucheza vilifasiriwa kuwa kauli ya kisiasa hata pale ambapo mashairi yalihusu mapenzi tu. Mwaka 1990 Remmy Ongala alipotunga "Mambo kwa Soksi", wimbo uliohimiza matumizi ya kondomu wakati wa janga la UKIMWI, RTD haikuupiga. Wimbo ulijulikana hata hivyo, kwa sababu kumbi za dansi zilikuwa nje ya kabati la redio.

Mabadiliko makubwa yalikuja na sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliyoruhusu vituo binafsi. Mwaka 1994 Radio One na ITV vilianza kurusha matangazo kutoka Mikocheni, katika Wilaya ya Kinondoni, na baadaye East Africa Radio na Clouds vikajenga makao yao katika eneo hilohilo. Mtaa uliobeba jina la miti ya mikoche ukawa mahali ambapo sauti ya vijana wa Dar es Salaam ilipitia kabla ya kufika mikoani. Muziki wa kufoka kwa Kiswahili, uliokuja kuitwa Bongo Fleva, ulikua pamoja na vituo hivyo. Professor Jay alipotoa "Ndiyo Mzee" mwaka 2001, akiigiza mgombea anayeahidi yasiyowezekana mbele ya umati unaomwitikia, hapakuwa tena na ofisi moja ya kuamua wimbo unamaanisha nini. Watangazaji waliujadili, wasikilizaji waliutaja mitaani, na wanasiasa walilazimika kuusikia.

Uhuru huo ulikuwa na masharti. Vituo vilifanya kazi kwa leseni zinazoweza kusitishwa, na BASATA, iliyoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, iliendelea kuwa na mamlaka juu ya wasanii. Baraza lilifasiri nyimbo kwa kigezo cha maadili zaidi kuliko cha siasa. Mwaka 2016 lilikuwa limemfungia kwa muda Nay wa Mitego mwenyewe kwa sababu ya wimbo mwingine uliodaiwa kukiuka maadili. Neno hilo lilikuwa pana vya kutosha kubeba matusi, picha za utupu na ukosoaji wa viongozi bila kuvitofautisha.

3.0 Siku Kumi na Moja za Machi

Wimbo "Wapo" hauwezi kueleweka bila mfuatano wa matukio uliouzunguka. Februari 2017 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alisoma hadharani orodha za majina ya watu waliotakiwa kuripoti polisi kuhusu dawa za kulevya. Miongoni mwao walikuwemo wasanii maarufu. Wakati huohuo serikali ilikuwa ikihakiki vyeti vya watumishi wa umma, kazi iliyohitimishwa Aprili 28 kwa taarifa ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Ulikuwa msimu wa orodha. Kutajwa jina kulitosha kumwondolea mtu heshima kabla ya mahakama kusema lolote.

Usiku wa Machi 17 Mkuu huyo wa Mkoa aliingia katika ofisi za Clouds, Mikocheni. Waziri wa Habari, Nape Nnauye, aliunda kamati ya uchunguzi, nayo ikaeleza kwamba kiongozi huyo aliingia akiwa na askari wenye silaha. Machi 20, akiweka jiwe la msingi la barabara za juu Ubungo, Rais John Magufuli alimtaka Mkuu wa Mkoa aendelee kuchapa kazi. Kamati ilikabidhi taarifa yake Machi 22. Siku iliyofuata Nape aliondolewa katika wadhifa wake na Harrison Mwakyembe akateuliwa mahali pake. Machi 24, katika hafla ya kumwapisha waziri mpya, Rais aliwaonya wamiliki wa vyombo vya habari kwamba uhuru wao una mpaka.

Katika juma hilohilo "Wapo" ulikuwa ukisambaa. Machi 26 Nay wa Mitego alikamatwa mkoani Morogoro na kupelekwa Dar es Salaam, akituhumiwa kuikashifu serikali. BASATA ilitangaza kuufungia wimbo. Machi 27 Waziri Mwakyembe alitangaza akiwa Dodoma kwamba Rais ameufurahia wimbo, kwamba msanii aachiwe na wimbo upigwe. Aliongeza ushauri wa Rais: msanii auboreshe kwa kuwataja pia wakwepa kodi, wauza dawa za kulevya na wengine wa namna hiyo.

Tangu Machi 17 hadi Machi 27 ni siku kumi na moja. Kituo cha redio kilivamiwa, waziri aliyehoji uvamizi akaondolewa, wamiliki wa vyombo wakaonywa, na msanii akaachiwa. Tukio la mwisho likisomwa peke yake linaonekana kuwa kinyume cha yale yaliyotangulia. Sehemu zinazofuata zinadai kwamba lilikuwa mwendelezo wake.

4.0 Uchambuzi wa Matini

4.1 Kiambishi kisicho na jina

Jina la wimbo lina mofimu mbili tu. Kiambishi *wa-* ni kipatanishi cha ngeli ya watu katika wingi, na *-po* ni kiashirio cha mahali. Kwa kawaida ya sarufi ya Kiswahili *-po* huonyesha mahali dhahiri, tofauti na *-ko* ya mahali pasipo dhahiri na *-mo* ya ndani. Kama mtunzi angesema *wamo*, msikilizaji angeuliza wamo ndani ya nini, na jibu lingeelekea haraka kwenye taasisi: serikalini, bungeni, chamani. *Wapo* husema mambo mawili kwa pamoja. Watu hao ni halisi na mahali pao panajulikana, lakini si mtu wala mahali palipotajwa. Mtunzi anathibitisha kuwepo kwao na kumwachia msikilizaji kuweka jina.

Matumizi haya si mageni kwa mzungumzaji. Methali isemayo *lisemwalo lipo, na kama halipo laja* inatumia kiashirio kilekile kuthibitisha uvumi bila kumtaja mwenye kuvumisha wala mwenye kuvumishiwa. Mwalimu darasani naye huita majina na wanafunzi huitikia kwamba mwenzao *yupo* au *hayupo*. Wimbo huu unaweza kusomwa kama mahudhurio yaliyopinduliwa: maitikio yamesikika, majina yamefutwa.

Hapa ndipo muktadha wa msimu wa orodha unapoingia. Wenye mamlaka walikuwa wakisoma majina hadharani kabla ya kuthibitisha makosa. Wimbo ulifanya kinyume chake, ukaorodhesha tabia na mienendo, katika ulimwengu wa burudani na katika siasa, bila majina. Haina haja kudai kwamba mtunzi alikusudia kujibu orodha za Februari. Inatosha kwamba msikilizaji wa Machi alikuwa amezisikia orodha hizo, na sikio lililozoea majina liliingiza majina pale yaliposhikwa na kiambishi.

4.2 Daktari na jipu

Katika sehemu ya wimbo iliyovuta hisia zaidi, msanii anauliza iwapo uhuru wa kusema ungalipo nchini, na anamsemesha daktari asiyetaka kukosolewa wala kushauriwa. Taswira hii inahitaji ufafanuzi kwa sababu inafanya kazi katika Kiswahili kwa namna ya pekee. *Daktari* ni tabibu, na pia ni mwenye shahada ya uzamivu. Rais Magufuli alikuwa na shahada hiyo katika kemia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na alitajwa rasmi kwa cheo hicho. Tena, akilihutubia Bunge kwa mara ya kwanza Novemba 20, 2015, alifananisha mapambano dhidi ya ufisadi na *kutumbua majipu*. Maneno hayo yakawa alama ya utawala wake, hata kila mtumishi aliyesimamishwa kazi akasemwa ametumbuliwa.

Sitiari ya jipu ilikuwa ya Rais kabla ya kuwa ya msanii. Ndani yake taifa ni mwili, ufisadi ni usaha, na kiongozi ni mwenye sindano. Sitiari hiyo haina nafasi ya mgonjwa kusema anaumwa wapi. Wimbo unaingia hapo hasa. Haukatai kwamba majipu yapo wala haukatai kwamba yatumbuliwe. Unauliza tabia ya tabibu anayetumbua bila kusikiliza. Kwa istilahi za Hall, msanii aliipokea sitiari ya dola kwa kuijadili: alikubali ugonjwa, akahoji mganga.

5.0 Wafasiri Wanne

Wafasiri wa kwanza wenye mamlaka walikuwa polisi, nao waliusoma wimbo kama kashfa dhidi ya serikali. Tafsiri hiyo ina tatizo linalojulikana kwa kila aliyewahi kusikiliza mipasho ya taarabu: anayejibu fumbo amejitaja. Wimbo haukusema nani; kukamatwa kwa mwimbaji kulisema. Kwa kumkamata, jeshi la polisi lilijaza nafasi iliyoachwa wazi na kiambishi, likaweka jina la serikali.

Mfasiri wa pili, BASATA, aliurudisha wimbo katika uwanja wake wa kawaida wa maadili. Tafsiri hii ililenga kuondoa siasa kwenye mjadala, lakini ilikuja wakati msanii yuko mikononi mwa polisi, na hadhira isingeweza kuyatenganisha mambo hayo mawili.

Mfasiri wa tatu alikuwa Rais, kupitia kinywa cha waziri, na yeye aliuelewa utamaduni wa fumbo vizuri kuliko vyombo vyake. Aliyerushiwa fumbo ana njia tatu: kukasirika, kunyamaza, au kucheka na kuwaonyeshea kidole wengine. Rais alichagua ya tatu. Kwa kuufurahia wimbo alijiondoa katika orodha ya waliokusudiwa, na kwa kushauri waongezwe wakwepa kodi na wauza dawa za kulevya aliweka katika nafasi ya *wa-* watu ambao serikali yake ilikuwa tayari inawatafuta. Wimbo uliopinga utamaduni wa orodha, ama uliosomwa hivyo, uliombwa uwe orodha. Swali kuhusu tabibu halikujibiwa wala kukanushwa. Lilizungukwa.

Wafasiri wa nne walikuwa wasikilizaji. Kwao kufungiwa na kufunguliwa kwa wimbo ndani ya muda mfupi kulikuwa tangazo lisilo na mfano, na wengi waliona kuachiwa kwa msanii kuwa dalili kwamba Rais anavumilia ukosoaji. Tafsiri hii haikuwa ya kijinga. Ilitegemea tukio la kweli: mtu alitoka mahabusu. Lakini haikuuliza aliachiwa kwa msingi upi. Hakuna mahakama iliyotamka kwamba wimbo ulikuwa halali, wala hakuna kanuni iliyobadilishwa. Msanii aliachiwa kwa sababu mtu mmoja aliupenda wimbo.

6.0 Ulinganisho: Wimbo wa Roki na Kampeni ya 1984

Tukio hili lina mwenzake katika historia ya muziki wa roki, na ulinganisho unasaidia kuona kilicho cha pekee. Mwaka 1984 Bruce Springsteen alitoa "Born in the U.S.A.", wimbo unaosimulia masaibu ya askari aliyerudi Marekani kutoka vita vya Vietnam na kukosa kazi na msaada. Kiitikio chake chenye nguvu kiliwafanya wasikilizaji wengi wauchukulie kuwa wimbo wa kujivunia nchi. Septemba 19 mwaka huo Rais Ronald Reagan, akiwa katika kampeni mjini Hammonton, New Jersey, alimtaja mwanamuziki huyo kwa sifa na kuuhusisha ujumbe wa nyimbo zake na matumaini ya Marekani. Springsteen alijitenga hadharani na matumizi hayo.

Katika matukio yote mawili kiongozi wa nchi anaukumbatia muziki unaoweza kusomwa kuwa unamkosoa. Tofauti ya kwanza ni ya matini. Katika wimbo wa Springsteen tafsiri ya wenye nguvu iliingia kupitia kiitikio kilichofunika beti. Katika "Wapo" iliingia kupitia kiambishi. Tofauti ya pili ni nzito zaidi. Springsteen alikataa kufasiriwa akiwa jukwaani, mbele ya mashabiki wake. Nay wa Mitego alifasiriwa akiwa chini ya ulinzi wa polisi. Kukubali tafsiri ya Rais na kutoka mahabusu vilikuwa tendo moja. Kwa hiyo shukrani zozote za msanii baada ya kuachiwa haziwezi kuchukuliwa na mtafiti kuwa ushahidi wa maana ya wimbo.

7.0 Baada ya Machi

Iwapo maelekezo ya Machi 27 yangekuwa kanuni mpya ya kuvumilia nyimbo za ukosoaji, matukio yaliyofuata yangeionyesha. Aprili 5, siku tisa baadaye, msanii Roma Mkatoliki, aliyejulikana kwa mashairi makali ya kisiasa, alitekwa pamoja na wenzake kutoka studio jijini Dar es Salaam na watu wasiojulikana, akapatikana Aprili 8. Insha hii haidai uhusiano kati ya tukio hilo na ofisi yoyote. Inadai tu kwamba hali ya wasanii haikuwa imekuwa salama. Mwanzoni mwa mwaka 2018 nyimbo kadhaa za Bongo Fleva zilizuiwa kupigwa redioni na katika televisheni kwa kigezo cha maadili, na mwaka huohuo kanuni za maudhui ya mtandaoni zikawataka wachapishaji binafsi wawe na leseni. Mwaka 2024 wimbo "Nitasema" wa Nay wa Mitego ulimfikisha tena mbele ya BASATA. Aliyekuwa mfano wa uvumilivu wa dola alirudi mahali alipoanzia, kwa kuwa uvumilivu wa mwaka 2017 haukuwahi kuandikwa popote.

8.0 Hitimisho

Insha imeonyesha kwamba maana ya kisiasa ya "Wapo" haikukaa katika maneno peke yake wala katika nia ya mtunzi. Iliundwa katika mvutano wa wafasiri wenye nguvu zisizolingana. Polisi waliupa wimbo jina la mlengwa kwa kumkamata mwimbaji, BASATA iliuvika vazi la maadili, na Rais aliugeuza kuwa chombo cha kampeni yake mwenyewe. Kila mmoja alitumia nafasi iliyoachwa wazi na sarufi.

Matokeo haya yana maana mbili kwa utafiti wa muziki wa Kiswahili. Kwanza, fumbo limezoeleka kuelezwa kuwa ngao ya mnyonge, na maelezo hayo ni sahihi lakini ni nusu. Ngao isiyo na jina la mwenyewe yeyote anaweza kuiokota, na mwenye nguvu ana mikono mirefu. Pili, historia ya udhibiti wa muziki isiandikwe kwa kuhesabu marufuku pekee. Katika enzi ya RTD dola ilifasiri wimbo kabla haujasikika. Katika enzi ya Mikocheni ilijifunza kuufasiri baada ya kusikika, na wakati mwingine kwa kuusifu. Ruhusa iliyotolewa Machi 27, 2017 ilitoka mahali palepale zilipotoka amri za siku kumi zilizoitangulia, na mwanahistoria anapaswa kuisoma pamoja nazo.